Anza Kulia

Jina lake liliwaka kwenye simu yangu Alhamisi moja usiku, nikiwa kwenye matatu pale Muthurwa nikingoja ijae.

Nyanya.

Tulikuwa tumemzika miezi kumi kabla.

Sikushika. Simu ikalia mpaka ikanyamaza, kisha ikalia tena, na mama aliyekaa kando yangu na mzigo wa sukuma wiki mapajani akaniambia kwa upole, "Shika, mwanangu, labda kuna jambo." Nikashika. Sikusema neno. Nilikuwa nangoja ile sauti yake ya kukwaruza iniulize, kama ilivyoniuliza miaka yote, iwapo nimekula.

"Sista, samahani," ikasema sauti ya kijana. "Wewe ndiye huandika kila Ijumaa?"

Ni mimi. Tangu azikwe nimekuwa nikimtumia meseji kila Ijumaa baada ya adhuhuri, mistari miwili mitatu: mtoto ameota jino, mvua imeingia ndani kwa Mama Mdogo, leo nimepita Kariokor makaburini nikakuombea. Nilijua hazisomwi. Laini isipotumika kwa miezi kadhaa hurudishwa sokoni, na hiyo ya Nyanya kijana huyu alikuwa ameinunua Githurai mwezi wa Mei, bila kujua lolote.

"Meseji zako hazina shida," akasema. "Hata nimezizoea. Shida ni hao wengine. Wiki jana kuna mama alipiga saa tisa usiku analia, anasema, Bi Mkubwa, njoo na kafuri. Mimi hata kafuri sijui ni nini. Nikamwambia amekosea namba, akaendelea tu kulia. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikasema wacha nimpigie huyu wa Ijumaa, labda anamjua huyo Bi Mkubwa."

Nilishuka kwenye matatu kabla haijaondoka.

## Maneno mawili

Mwosha huoshwa, ndivyo tusemavyo. Nyanya yangu, ambaye watu walimwita Bi Mkubwa, alikuwa mwosha. Aliosha maiti wa kike pale Majengo, Pumwani, na kokote alikoitwa: Eastleigh, Mathare, Kibera, hadi Kawangware.

Kwangu mimi niliyelelewa naye, kazi hiyo ilikuwa mlango wa bati kugongwa usiku, na kiondo kilichoning'inia kwenye msumari, ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Ndani yake mlikuwa na mkasi, pamba, udi, majani ya mkunazi yaliyosagwa yaliyomfikia kwa basi kutoka Mombasa, na kopo la Kimbo lenye kafuri, ile dawa nyeupe ya harufu kali inayotiwa kwenye maji ya maiti. Mpaka leo nikisikia harufu ya kafuri naona mgongo wake ukitoka mlangoni, buibui juu, viatu vya mpira chini.

Pesa hakuchukua. Nauli alichukua, na sabuni akipewa.

Nilipokuwa na miaka saba hivi alilazimika kwenda nami mara moja, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniacha naye. Nikakalishwa kwenye ukumbi wa nyumba ya watu, zile nyumba za Majengo za zamani, vyumba huku na vyumba kule, ukumbi katikati. Pazia likafungwa. Nikasikia maji yakimiminwa, halafu sauti yake, tulivu kabisa, ikimwambia mtu huko ndani:

"Anza kulia."

Nikangoja kilio. Hakikuja. Maji tu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi ya Nyanya ilikuwa kuzizungukia nyumba za msiba akiwaruhusu watu walie. Nilidhani ni kazi nzuri. Nilishangaa tu mbona hawamtii.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili madrasa walipotufundisha kuosha maiti: unaanza na viungo vya udhu na upande wa kulia, halafu wa kushoto, mara tatu au tano au zaidi lakini witiri, yaani hesabu isiyogawika kwa mbili, maji ya mkunazi, na kafuri katika maji ya mwisho. Niliporudi nyumbani nikamweleza Nyanya nilivyokuwa nikifikiri siku zote hizo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanyamaza, akasema, "Chumbani kwangu hakuna anayelia, mjukuu wangu. Anayetaka kulia hutoka nje, akalia akamaliza, ndipo akarudi."

## Misuko mitatu

Alinisuka kila Jumapili jioni. Misuko miwili, minne, sita, siku za Idi hata kumi. Mitatu hakunisuka. Kuna wakati nilimlilia, kwa sababu rafiki yangu alikuwa nayo, naye akasema tu, "Hiyo si yako bado."

Maiti wa kike husukwa misuko mitatu, ikalazwa nyuma. Hilo pia nilikuja kulijua baadaye.

Agosti 1998 nilikuwa na miaka tisa. Bomu lililipuka Ijumaa, tarehe 7, asubuhi. Majengo si mbali na mjini, na dirisha letu lilitikisika. Waliokufa Nairobi walipita watu 200, wengi wao wakiwa wapita njia na watu waliokuwa kazini kwenye majengo ya jirani na ubalozi wa Marekani. Jioni ile walikuja kumwita Nyanya. Alirudi Jumapili.

Hakuongea. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akaniita, akanikalisha katikati ya magoti yake. Nywele zangu zilikuwa zimesukwa tayari, Mama Mdogo alikuwa amenisuka, lakini Nyanya alizifumua zote na kuanza upya. Mikono yake ilikuwa na ule ubaridi wa mtu aliyeshika maji siku nzima. Akasuka, akasuka. Halafu nikaihisi mikono ikisimama kichwani pangu.

Nikapeleka mkono nyuma kugusa. Ilikuwa mitatu.

Alizifumua haraka, kama mtu anayeondoa sufuria motoni. Akaanza tena, minne, akikaza mpaka machozi yakanitoka, nami sikusema kitu. Siku tatu zile aliona nini, hakumwambia mtu. Sijapata kumsikia akiitaja wiki ile, hata redio ilipokumbusha mwaka baada ya mwaka. Alikuwa akiinuka tu na kwenda kuipunguza sauti.

## Mlangoni

Hapa ndipo ninapopakwepa.

Nyanya alifariki nyumbani, alfajiri ya Jumanne, akiwa na miaka themanini na mitano. Kufika saa tatu wanawake walikuwa wamejaa, na Mama Mdogo akatoka chumbani na kanga imefungwa kiunoni, akanishika mkono. "Ingia. Alisema wewe ndiye umimine maji."

Sikujua kwamba aliusia hivyo.

Nikamwambia naenda kuangalia kama maji yanatosha. Yalitosha. Nikaenda kuona kama viti vimefika. Vilikuwa vimefika, nikavihesabu. Nikaenda jikoni nikauliza habari ya chai. Nilizunguka nyumba ile ndogo kama mtu aliyepotea sokoni Gikomba, na niliporudi ukumbini mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama nje. Maji yakaanza kumiminwa. Na mwenzake wa siku nyingi, bi mkubwa aliyeosha naye tangu wakiwa vijana, akasema kwa ile sauti tulivu waliyokuwa wameizoea wote wawili:

"Anza kulia."

Sikulia. Sikuingia. Nilisimama na taulo mkononi mpaka walipofungua mlango na harufu ya udi ikatoka.

Watu nimewaambia kwamba nilikuwa na shughuli. Sikuwa na shughuli. Niliogopa kwamba nikimwona pale juu ya kitanda cha kuoshea atakuwa mmoja wa wale waliomtoa nyumbani usiku, na sitampata tena yule wa kuniuliza kama nimekula. Hilo ndilo lililonisumbua miezi kumi, na meseji za Ijumaa zilikuwa njia ya kuzunguka zunguka mlangoni.

## Namba kumi na moja

Kijana wa Githurai alikuwa ameandika orodha. Sikumwomba. Aliniambia kwamba baada ya yule mama wa saa tisa usiku, kila mtu aliyepiga akimuuliza Bi Mkubwa alimwandika kwenye karatasi, namba na alilosema, kwa sababu aliona vibaya kuwakatia simu tu. Alinisomea siku iliyofuata. Namba kumi na moja.

Nilimjua mmoja.

Nilikuwa nimesahau jinsi ile namba ilivyosambaa. Ni mambo ya 2020. Korona ilipoingia nchini mwezi wa Machi Nyanya alikuwa ameshapita themanini, na sisi tukamfungia ndani kama yai. Mnakumbuka mazishi ya miezi ile: watu wachache, maofisa wamevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, mengine usiku. Lakini watu walikuwa bado wanakufa kwa uzee, kwa sukari, kwa uzazi, na waosha walikuwa wanaogopa au wamekatazwa na wana wao, kama tulivyomkataza sisi. Basi simu zikaanza. Binti yuko na maiti ya mama yake chumbani, Dandora au Kayole, hajui aanzie wapi.

Nyanya alikuwa akikaa kitandani, simu imewekwa sauti juu kwenye mto, macho amefumba.

"Funga mlango. Mko wangapi? Wawili wanatosha. Mfunike kwanza, asibaki wazi hata kwako wewe. Maji yajaribu kwa kiwiko, kama unamwogesha mtoto mchanga. Tumbo libonyeze polepole. Polepole, mwanangu, bado ni mama yako. Haya. Bismillahi. Anza kulia."

Niliyasikia hayo mara ngapi, nikiwa chumba cha pili na kompyuta yangu ya kazi, nimevaa visikizi! Nilikuwa naudhika kwamba anapigiwa simu usiku. Nilifikiria hata kumbadilishia namba, apumzike.

Basi hao ndio waliokuwa kwenye karatasi ya kijana. Mwanamke wa Kawangware aliyetaka kujua kama inafaa kumwosha mtu mwenye vidonda. Msichana aliyepiga kumsalimu tu, akasema Bi Mkubwa alimshika mkono kwa simu. Kijana alinisomea hivyo hivyo, "alimshika mkono kwa simu," akaniuliza kama ameandika vizuri. Mzee mmoja hupiga, husikiliza, kisha hukata bila kusema kitu. Huyo hupiga mara nyingi kuliko wote.

Na mama mmoja wa Mathare, anasema ana deni la kitambaa.

## Bafta

Nyanya aliweka sanda yake ndani ya sanduku chini ya kitanda tangu mimi niko shule ya msingi. Bafta nyeupe, vipande vitano, imekunjwa na udi katikati. Alituonyesha kila mwaka kabla ya Ramadhani ili msiba usitukute tunahangaika. Kwa hiyo asubuhi ile hakuna aliyewaza habari ya sanda. Mama Mdogo akavuta sanduku, akafungua.

Mlikuwa na gazeti la zamani na harufu ya udi.

Tulitazamana. Mjomba mmoja akatumwa mbio Biashara Street kungoja maduka yafunguliwe, na Nyanya, aliyekuwa tayari kwa siku ile kwa zaidi ya miaka ishirini, akazikwa kwa kitambaa kilichonunuliwa asubuhi hiyo hiyo. Kuna waliosema ilipotea. Kuna aliyesema, na neno hilo liliniuma, kwamba uzee ulikuwa umemchanganya.

Nilimpigia mama wa Mathare Jumamosi. Nilipojitambulisha kuwa mjukuu alisema, "Alhamdulillahi, nilidhani mmenikasirikia." Hakujua kwamba Nyanya amefariki. Nilipomwambia alikaa kimya kwa muda mrefu. Nilisikia mtoto akicheza nyuma yake, na kelele ya mashine ya kusaga.

Kisha akanieleza. Mama yake alikufa mwisho wa Julai, yeye akiwa hana kitu, hata shilingi ya shuka. Alimpigia Nyanya kuuliza tu kama shuka lililotumika linafaa. Nyanya akajibu linafaa likiwa safi, lakini ngoja kidogo. Baada ya saa moja alifika mwenyewe kwa bodaboda. Mwanamke wa miaka themanini na mitano! Kiondo begani, na kifurushi ndani ya gazeti. Akaosha, akakata, akavisha. Alipoulizwa bei alisema, "Utanilipa siku nyingine."

Hiyo ilikuwa wiki moja na nusu kabla ya Jumanne yetu. Sisi tulikuwa kazini. Yeye alituambia amelala mchana kutwa.

"Niambie nilipe kwa nani," akasema yule mama. "Deni la maiti ni zito."

Nilitaka kumwambia amesamehewa. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kusamehewa. Nikamwambia anunue bafta nyingine, vipande vitano, aweke ndani kwake. Akauliza aiweke kwa ajili ya nani. Nikasema sijui. Akafikiri, akasema, "Sawa. Nitaweka na udi."

## Sitara

Mpaka hapo nilidhani najua nitaandika nini. Jamaa walikuwa wameniomba niandike maisha yake, kwa ajili ya watoto watakaokuja. Nilikuwa na ukurasa mmoja: mama yake alikuwa na nyumba Pangani, Pangani ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, naye akahamia upande huu akiwa na mimba ya Nyanya. Ndoa mbili. Watoto sita, wanne hai. Nikausoma ukurasa ule baada ya ile simu ya Jumamosi nikaona nimeandika habari za mtu mwingine.

Nikamwendea bi mkubwa, yule mwenzake. Nilibeba sukari na majani ya chai na nilikuwa na maswali mengi. Walikuwa wangapi? Hata kama ni wawili tu kwa mwezi, kwa miaka arobaini, wanakaribia elfu moja. Walikuwa kina nani? Nani alimwuma zaidi?

Akaniacha nimalize. Halafu akaniambia kwamba mwosha huona makovu, huona mimba zilizofichwa, huona alama za kamba na za mkanda, huona mtu aliyesema ana miaka hamsini kumbe ana sabini. Akishavua kanga na kutoka, hakuona. "Nyanya yako alikuwa pazia. Wewe unataka kulivuta?"

Nilikaa na neno hilo.

Alinipa kisa kimoja tu, kwa kuwa wahusika wote wameshatangulia, na jina hakulitaja. Miaka ya hali ya hatari, enzi za Mau Mau, watu wakiogopa kufungua mlango usiku, mpangaji mmoja wa mama yake Nyanya alikufa chumbani. Alikuwa mwanamke aliyekuja Nairobi peke yake, akaishi kwa kazi ambayo watu walimsalimia usiku, na mchana wakapita wakitazama pembeni. Wengi wa wanawake wale walisilimu, na Majengo ndiyo ikawa ukoo wao. Lakini usiku ule hakuna jirani aliyekuja. Mama yake Nyanya akaweka maji jikoni, akamwamsha bintiye, kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, akampa kata.

"Alikataa," bi mkubwa akaniambia. "Alisimama mlangoni akitetemeka. Mama yake akamngoja. Hakumkaripia. Maji yalipoa wakayapasha tena mara mbili."

Sikumwambia bi mkubwa chochote kuhusu viti nilivyovihesabu. Nadhani alijua. Alikuwa ndani siku ile, na aliona ni nani hakuingia.

Kwa hiyo haya ninayoandika nayaandika kwa wasiwasi. Nimemtaja mama wa Mathare kwa ruhusa yake. Wengine waliokuwa kwenye karatasi sijawagusa zaidi ya hapo, na karatasi yenyewe nimeichoma. Ile wiki ya 1998 nimeandika mikono yake tu, kwa sababu mikono ile ilikuwa kichwani kwangu na naona nina haki nayo. Sina hakika kama angekubali hata hilo.

## Saa kumi kasoro

Kijana wa Githurai bado ana laini. Aliniuliza kama naitaka, ataniuzia kwa bei aliyonunulia, nikasema hapana, ni yake sasa. Tulikubaliana jambo moja: anayemuuliza Bi Mkubwa, ampe namba yangu. Meseji za Ijumaa nimeacha. Ijumaa ya kwanza aliniandikia yeye: "Sista uko sawa? Leo hujaandika."

Wiki tatu zilipita. Kisha simu ikalia saa kumi kasoro usiku, namba nisiyoijua, na sauti ya mwanamke ikauliza kama hapo ni kwa mjukuu wa Bi Mkubwa.

Nikampigia Mama Mdogo. Mama Mdogo akampigia yule bi mkubwa, ambaye siku hizi macho yamepungua nguvu na hawezi kutoka bila wa kumwongoza. Kiondo kilikuwa bado kwenye msumari. Kopo la Kimbo lilikuwa na kafuri robo. Tulipanda teksi watu watatu, hatukusemezana, na mji ulikuwa mweusi isipokuwa wale wanaobeba magunia kuelekea sokoni.

Tulipofika bi mkubwa alinishika bega, tukaingia hivyo hivyo, yeye nyuma yangu. Mlango ukafungwa. Safari hii nilikuwa upande wa ndani. Mtu akanipa kata.

Mikono ilinitetemeka. Hakuna aliyenikaripia. Walingoja.

Kisha bi mkubwa akayasema yale maneno mawili, nami nikainua maji.

Yaliyofuata siyaandiki.